Meza za Watu Wanane

Sista Moraa alifunua sufuria ya kwanza, akachungulia, akaifunika. Akafunua ya pili. Ya kwanza ilikuwa na maharage yaliyolala, ya pili asida, ugali wa huku, iliyobaki asubuhi, na ya tatu, iliyokuwa jikoni juu ya moto, ilikuwa na maji matupu yanayochemka. Nyakong alisimama mlangoni mwa jiko lake mwenyewe, mikono nyuma, akatamani hayo maji yangekuwa nyama.

"Haya maji ni ya nini, Mama Nyagach?"

"Ya chai, Sista. Nilikuwa nawapikia nyinyi."

Sista alikohoa kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake. Alikuwa Mkisii wa Nyamira, mwaka wake wa tatu Juba, na katika Sekondari ya Mtakatifu Skolastika kazi yake ilikuwa kuangalia ustawi wa wanafunzi: nani anaumwa, nani analia, nani haji. Hakuwa mtu mbaya. Hapo ndipo palipokuwa na taabu, maana angekuwa mbaya Nyakong angejua la kumjibu.

Nyuma ya Sista alisimama Mwalimu Loro wa michezo, kofia mkononi, akitazama kila kitu isipokuwa zile sufuria. Nyuma ya Loro, juu ya ua wa mabati, vilionekana vichwa vya majirani. New Site ina viwanja vipya na watu wapya, lakini macho ni yaleyale ya kila mahali.

Waliyemjia alikuwa Kuach, kijana wa miaka kumi na saba wa kidato cha pili, mkimbiaji wa mbio ndefu ambaye shule nzima ilimtegemea. Jumatatu alikuwa ameanguka mazoezini kwa mara ya pili. Zahanati ilimpima malaria, taifodi na minyoo, ikakosa vyote. Daktari akasema maneno mafupi tu, kwamba huyu mtoto hali chakula. Sasa chakula cha mchana shule inatoa, na Sista mwenyewe husimama karibu na sufuria kubwa na kuona kila sahani ikijazwa. Kwa hiyo, alisema kwa upole, njaa inatoka nyumbani.

Akatoa utepe wa kupimia mkono. Akamzungushia Kuach juu ya kiwiko, akasoma namba kwa sauti. Kisha akamwita Nyagach, binti wa Nyakong mwenye miaka kumi na minne, akampima naye. Mkono wa binti ulimzidi kaka yake kwa sentimita nne. Sista aliandika namba hizo mbili, moja juu ya nyingine, na Nyakong akahisi damu ikimpanda usoni.

"Huyu wa kike ni wako wa kuzaa?"

"Ni wangu."

"Na kijana?"

"Ni wangu pia. Ni wa marehemu shemeji yangu."

Ile "pia" ilichelewa kidogo tu, lakini Sista aliisikia. Akamgeukia Kuach, akamuuliza kama anakula nyumbani. Anakula. Kinamtosha? Kinamtosha. Kijana alijibu akiitazama ardhi, na kila jibu lake lilisikika kama la mtoto aliyeonywa kabla wageni hawajafika. Nyakong alitaka kumtikisa mabega aseme vizuri. Hakuna aliyemwonya, Mungu shahidi.

Basi Sista akatoa uamuzi. Kuach atapimwa uzito kila Ijumaa, kwa majuma mawili. Uzito ukipanda, sawa. Usipopanda, hatakimbia katika mashindano ya shule za Kikatoliki mwisho wa mwezi, na atahamia hosteli ya parokia, wanakolala vijana wasio na mtu. "Si adhabu, mama," alisema akifunga daftari. "Ni kumlinda mtoto."

Chai waliikataa, wakasema wanawahi. Yale maji Nyakong aliyamwaga uani.

*

Na kichekesho, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba Nyakong alikuwa mpishi. Yeye na rafiki yake Prossy walikuwa na kibanda Nyakuron, si mbali na kituo cha utamaduni: Prossy akisonga posho na kukaanga mayai, Nyakong akipika maharage na zile chapati laini alizojifunza Nakuru. Mafundi, madereva wa raksha za magurudumu matatu na makarani walikula mkononi mwake kila siku. Mwanamke aliyeshibisha nusu ya Nyakuron, sasa ameandikwa daftarini kwamba analaza mtoto na njaa.

Umbea hauhitaji nauli. Keshokutwa yake tu, fundi mmoja aliipokea sahani yake, akaigeuzageuza, akasema mama wa chapati asimpunjie, yeye si mtoto wa shemeji. Wenzake wakacheka. Nyakong naye alicheka, kwa kuwa mteja ni mteja, kisha akaenda nyuma ya kibanda akasimama huko mpaka macho yalipokauka.

Prossy, mwanamke wa kabila la Wakuku kutoka Kajo-Keji aliyekulia Uganda, alimfuata na mwiko mkononi.

"Wewe acha hii maneno," alimwambia. "Mimi iko hapa na wewe miaka nne. Mimi najua wewe hapana mtu ya kunyima chakula. Lakini watu iko na mdomo, tutafanya nini?"

"Nitamlisha, Prossy. Nitamlisha mpaka huyo Sista achoke kuandika."

Akamlisha kweli. Asubuhi uji wenye karanga, ambao Kuach aliunywa amesimama nyuma ya nyumba kama kawaida yake. Jioni sahani iliyojaa mpaka ukingoni, nayo alikwenda nayo hukohuko nyuma ya jiko. Nyakong alikuwa amezoea. Kijana aliletwa kutoka kwa bibi yake huko Nasir, mji wa kando ya mto, miezi minane iliyopita, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alidhani ni haya tu, itakwisha. Juu ya hayo yote akamfungia kibakuli cha chapati nne kila siku apeleke shuleni. Kibakuli kilirudi kitupu. Siku ya kwanza Nyakong alikishika hicho kibakuli kitupu akafurahi kuliko aliyepokea mshahara.

Ijumaa Kuach alipimwa. Alikuwa amepungua kilo moja.

Mwalimu Loro ndiye aliyepiga simu kumwambia, na aliongea kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Jioni ile Nyakong alimkalisha kijana kwenye kiti, akamuuliza kwa Kinuer, taratibu, kama kuna mtu anayemnyang'anya chakula. Hakuna. Kama anaumwa. Haumwi. Kama kuna msichana. Kuach aliinamisha kichwa zaidi, akasema hakuna msichana. Chakula cha shule anapewa? Anapewa. Chapati je? Zinaliwa. Nyakong alipozidisha maswali, kijana aliinuka kwa adabu akaenda kuchota maji, ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Ikabidi ampigie mumewe. Mading alikuwa dereva wa lori, na wakati huo alikuwa Bentiu, amekwama kwa matope. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mama yake alimkabidhi mtoto wa ndugu yake mkononi, mbele ya wajomba, na kwamba akiambiwa mtoto huyo amepelekwa hosteli ya yatima angali ana watu, hatakuwa na uso wa kurudi Nasir. Kama Nyakong ameshindwa, aseme mapema, amrudishe kijana kwa bibi yake.

"Sijashindwa," alisema Nyakong.

"Basi mbona anapungua?"

Mtandao ukawasaidia wote wawili kwa kukatika. Husemwa kuzaa si kazi, kazi kulea. Aliyesema hivyo alilea wake tu, hakulea mtoto wa mwenziwe. Mtoto wako akikonda, watu hukupa pole. Wa mwenzio akikonda, hukuhesabia vijiko. Lakini kilichomuuma Nyakong usiku ule hakikuwa watu. Alikuwa amemzoea huyu kijana mrefu asiyesema, anayefagia ua bila kutumwa na kumwimbia Nyagach nyimbo za ng'ombe mpaka binti anacheka. Hakutaka aende.

*

Jumatatu alimwachia Prossy kibanda, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda shuleni saa ya chakula. Alitaka kuona kwa macho yake.

Sista Moraa hakumkatalia. Tena alifurahi, maana ukumbi wa chakula ulikuwa fahari yake. Ukutani, mlangoni tu, zilitundikwa sifa za shule: cheti cha mdahalo, cha kwaya, cha netiboli ya wasichana, na picha ya timu ya mbio, Kuach katikati, kichwa kizima juu ya wenzake. Ndani zilipangwa meza mpya. Sista alimweleza kwa sauti ya chini wakiwa wamesimama dirishani. Zamani wanafunzi walikula makundimakundi, kila kabila na kona yake, na ugomvi wa mtaani ukiingia mpaka kwenye maharage. Kuanzia muhula huu kila meza ina watu wanane, wavulana wanne na wasichana wanne, wamechanganywa makusudi. Wanaomba pamoja, wanakula pamoja, na hakuna anayeinuka kabla wenzake hawajamaliza. Cha nyumbani kikiletwa, kinawekwa katikati ya meza.

"Tangu tuanze hatujapata hata pigano moja," alisema. "Ni kama familia, mama."

Nyakong aliona ni jambo jema, na akasema hivyo. Kisha akamtafuta Kuach.

Alikuwa meza ya pili, wasichana wawili mbele yake na mmoja kila upande. Sala ikaisha, vijiko vikaanza kugonga sahani. Kuach alishika kijiko chake. Alikata posho kipande, akakisukuma mpaka ukingo wa sahani, akakata kingine, akakisukuma nacho. Macho yake yalikuwa ukutani. Msichana wa kulia, mwenye uso wa ucheshi, alifungua kile kibakuli cha chapati bila kuuliza, kwa jinsi alivyokwisha kuzoea, na mikono saba ikaingia. Akasema kwa sauti kwamba chapati za mama yake Kuach hazina mfano. Kuach alitabasamu kwa heshima. Baadaye msichana yuleyule aliivuta sahani ya kijana na kuyamaliza maharage yake, naye akamwachia kama anayeshukuru kupunguziwa mzigo.

Nyakong akatazama meza nyingine. Mvulana mmoja wa meza ya nne alikuwa akikatakata posho vilevile. Na mwingine karibu na mlango. Wote warefu, wote wa kuja juzijuzi kutoka huko mtoni.

Hapo kumbukumbu ikamjia. Alimwona baba yake katika kambi ya Kakuma, miaka mingi nyuma, anainuka na sahani yake mara tu wanawake wasio wa ukoo walipokaribia, anazunguka nyuma ya hema kula. Alimkumbuka kaka yake mkubwa akishinda na njaa siku nzima ya arusi kwa sababu ya wasichana. Nyakong wakati huo alikuwa na miaka kumi. Alicheka, mama yake akamchapa kibao, akamwambia hiyo ni heshima na heshima haichekwi. Kisha yeye akapelekwa shule Nakuru, akala ugali kiwiko kwa kiwiko na wavulana wa kila kabila, na lile jambo lote akalisahau. Alidhani lilizikwa kambini pamoja na wazee.

Aliegemea dirisha. Kwanza alijiona mjinga, mjinga wa kutupwa, miezi minane anamwona mtoto anakwenda kula nyuma ya jiko kila siku, Prossy na binti yake wawepo wasiwepo. Halafu, kabla ujinga haujaisha, alihisi kitu kizito kikimtoka kifuani. Hakuna ugonjwa, hakuna uchawi, na wala si yeye.

"Twende ofisini, Sista," alisema haraka. "Asinione."

*

Ofisini alikuwepo Mwalimu Loro, anajaza fomu za mashindano. Alitaka kutoka, Nyakong akamwomba abaki.

"Hawezi kula pale," Nyakong alianza.

"Hawezi aje? Sahani ni zilezile."

"Si sahani. Ni wasichana."

Sista alikaa wima. "Wamemfanyia nini?"

"Hawajamfanyia kitu. Wako tu. Kwetu kijana akifika umri wake hali chakula mbele ya msichana ambaye si wa ukoo wake. Ni heshima. Afadhali akimbie na uji wa asubuhi tu, aanguke uwanjani."

Sista alimtazama, akamtazama Loro, akamrudia Nyakong. "Nimemuuliza mara nne. Mbona hakusema?"

"Angesemaje? Kusema una njaa ni aibu kuliko njaa yenyewe. Hata mimi hajaniambia."

"Na wewe ni wa hukohuko. Hukujua?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la haki. "Mimi nimekulia Kenya, Sista, kama wewe," alisema. "Nilijua, nikasahau. Hapo nimekosa, na nimekubali."

Sista alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya kujitetea. Je, arudishe kila kabila kwenye kona yake? Afute kazi ya muhula mzima kwa ajili ya mila ya vijana watatu, ambayo pengine dunia yenyewe itaifuta? Nyakong naye aliona uzuri wa zile meza. Aliyejibu ni Loro, ambaye kwa kawaida hufungua mdomo kupuliza filimbi tu.

"Sista, malesh," alisema akiomba radhi. "Timu ya mbio iko kumi na moja. Iko Mbari, iko Mdinka, iko Mnuer, iko Mzande. Mimi naweza kula na hawa kule nyuma ya stoo, mapema kidogo, kabla ya mazoezi. Kocha na timu yake. Hiyo hapana kabila. Na hakuna mtu atauliza Kuach kwa nini."

Sista alifikiri. Alifungua daftari, akaupata ukurasa wenye zile namba mbili, moja juu ya nyingine, akautazama kwa muda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Nyakong alichelewa kujua kama anacheka au analia. Yalikuwa yote mawili.

"Mimi ndiye nimekuwa nikimnyima chakula," alisema. "Tena baada ya kukibariki."

Akaamua papo hapo. Timu itakula na kocha wake. Zitatengwa pia meza mbili, moja ya wavulana na moja ya wasichana, kwa yeyote atakaye, bila kuulizwa sababu. Hizo nyingine zitabaki kama zilivyo. Alipomsindikiza Nyakong mpaka getini, alisimama, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Unisamehe kwa zile sufuria."

Nyakong alitaka kusema si neno, Sista, yamepita. Lakini lilikuwa neno, na lilikuwa zito. Kwa hiyo alisema asante, na hiyo asante ilimtoka moyoni.

*

Siku ya kwanza nyuma ya stoo, Loro alisimulia, Kuach alikula sahani tatu bila kuinua kichwa, na ya nne akaikamilisha kwa kumsaidia mwenzake. Ijumaa mzani ulipanda kilo moja na nusu. Loro alipiga simu akiwa bado amesimama pale penye mzani, na safari hii Nyakong alimsikia akicheka kabla hajasema lolote. Kuhusu hosteli, Sista aliandika barua yenye mhuri kwamba mtoto anabaki kwao.

Barua watu hawaisomi. Sista alilijua hilo. Jumatano yake, saa ya mchana kibanda kikiwa kimefurika, alishuka kwenye boda pale Nyakuron na nguo yake ya kitawa, akaketi katikati ya mafundi, akaagiza maharage na chapati mbili. Watu wakamgeukia. Sista akasema, si kwa kupiga kelele lakini kila mtu akasikia, kwamba amekuja kula kwa mama yake Kuach, kwa kuwa shuleni hizo chapati zinamalizwa na wasichana kabla hazijamfikia. Yule fundi wa utani aliinamia sahani yake. Prossy hakuweza kujizuia, akamwongezea Sista chapati ya tatu na kukataa malipo.

Mashindano yalifanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kuach alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa kijana wa shule nyingine mwenye miguu ya swala, na hakuna aliyemwonea wivu. Nyakong alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akamshika mkono mwanamke asiyemjua aliyesimama karibu, akamwambia yule pale, yule wa pili, ni mwanangu. Ile "pia" hakuikumbuka hata kidogo.

Jioni, jua lilipokuwa bado juu ya mabati, alipika asida na mchuzi wa samaki. Kuach alichukua sahani yake akaenda nyuma ya jiko. Nyakong alikaa ndani akimsikia akila, na ilikuwa sauti tamu. Kisha kijiko kikanyamaza. Kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya chini, kijana akamwita mama, akamuuliza kama kuna kingine.

Nyakong alimchotea kilichobaki, akamkabidhi kupitia dirishani.

Mading alipopiga simu kuuliza habari za mbio, alimpa zote: nafasi ya pili, cheti, miguu ya swala. Na mwishoni, kama jambo dogo la kumalizia, akasema kijana ana hamu ya kula siku hizi, leo hata ameomba aongezewe.

Mading akamwambia arudie, naye akarudia.

"Amekuomba wewe?" alisema Mading. "Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo. Sasa hivi tu. Kwani vipi?"

"Kijana wa umri ule haombi mtu chakula, Nyakong. Mimi hajaniomba hata siku moja. Anayemwomba ni mama yake tu."

Nyakong alitazama sufuria, ilikuwa na ukoko mtupu. Akaiweka simu chini Mading angali anaongea, akaongeza mkaa jikoni, akachota unga upya.